Je, Wajua? Seli Moja, Maisha Mawili: Kimelea cha Mbung'o wa Biharamulo na Ngara

Barabara ya kutoka Lusahunga wilayani Biharamulo hadi Rusumo wilayani Ngara inakatiza nchi ya miombo, na miombo ndiyo makazi ya mbung'o. Mwaka 2019 mapori ya akiba ya Biharamulo, Burigi na Kimisi yaliunganishwa kuwa Hifadhi ya Taifa Burigi-Chato, na wanyamapori wake wanaishi jirani na mazizi ya watu. Pongo na nyati hubeba damuni kimelea kiitwacho tripanosoma bila kuugua sana. Mbung'o akimnyonya nyati, na baada ya wiki chache akamnyonya ng'ombe, ng'ombe anapata nagana, ugonjwa ambao wafugaji wengi huuita ndorobo. Aina moja ya kimelea hicho humpata binadamu pia na kumletea malale.

Kimelea chenyewe ni seli moja tu. Lakini ndani ya seli hiyo unaweza kuona, wazi kuliko katika kiumbe kingine chochote ninachokijua, jinsi uhai unavyojitafutia nguvu na jinsi unavyochagua jeni ya kusoma na jeni ya kuacha.

Je, wajua kwamba fujo ya tripanosoma huonekana kabla yenyewe haijaonekana? Mtaalamu wa mifugo huchukua tone la damu kwenye mshipa wa sikio la ng'ombe, akaliweka kwenye kioo, akalifunika na kulitazama kwa darubini. Chembe nyekundu zimetulia. Ghafla, mahali fulani, zinaanza kusukumwa huku na huku, na katikati yao anajitokeza mchokozi: mwembamba, anajinyonganyonga, mkia wake umeunganishwa na ubavu kwa utando unaopepea. Urefu wake ni kama sehemu moja ya hamsini ya milimita. Ng'ombe aliyetolewa damu hiyo kwa kawaida ameshakonda, manyoya yamesimama, na damu yake imekuwa nyepesi.

Je, wajua kwamba kikiwa damuni kimelea hiki hutumia sukari kwa ubadhirifu mkubwa? Seli zetu zikipata glukosi huivunja kwa hatua, kisha mabaki huingia kwenye mitokondria, na huko, kwa msaada wa oksijeni, hupatikana sehemu kubwa ya nguvu. Molekuli moja ya glukosi hutoa ATP zipatazo 30, na ATP ndiyo inayotumika kila seli inapofanya kazi. Tripanosoma iliyo damuni huishia njiani. Hupata ATP 2 tu, halafu hutupa nje piruvati ambayo bado imejaa nguvu. Mitokondria yake imenywea, karibu haizalishi ATP.

Sababu ipo. Damu ya mnyama haiishiwi sukari, maana mwili wenyewe huirudishia kila inapopungua. Aliyekaa penye chakula kisichokwisha hana haja ya kubana matumizi. Anachohitaji ni kasi ya kuzaliana. Vimeng'enya saba vya mwanzo vya kuvunja glukosi vimekusanywa ndani ya vifuko vidogo vilivyogunduliwa na Fred Opperdoes na Piet Borst mwaka 1977, navyo huitwa glikosomu. Ng'ombe hana, wala sisi hatuna.

Mbung'o anaponyonya damu, kimelea kinajikuta katika nchi nyingine kabisa. Joto linashuka, na sukari iliyokuja na damu inakwisha kwa muda mfupi. Mbung'o, dume na jike, hawali kitu kingine ila damu, na misuli yao ya mabawa haichomi sukari bali prolini, mojawapo ya asidi za amino zinazojenga protini. Basi tripanosoma nayo inahamia kwenye prolini. Jeni zilizokuwa kimya zinaanza kusomwa, mitokondria inakua na kutanda mwili mzima, na mfumo wa kupumua kwa oksijeni unaanza kazi. DNA ni ileile, herufi kwa herufi. Kilichobadilika ni jeni zipi zinatumika.

Na si damu na mbung'o pekee. Mwaka 2016 watafiti waliwachunguza panya walioambukizwa, wakavikuta vimelea kwa wingi ndani ya mafuta ya mwili, na huko vilikuwa vinatumia jeni za kuvunja asidi za mafuta.

Je, wajua kwa nini hadi leo hakuna chanjo ya ndorobo? Uso wa tripanosoma iliyo damuni umefunikwa kote na molekuli zipatazo milioni 10 za protini ya aina moja, zimebanana bila nafasi. Kinga ya ng'ombe inaitambua protini hiyo na kutengeneza kingamwili, vimelea vinakufa, homa inashuka, na mfugaji anaona mnyama amepata nafuu. Lakini vichache vimeshabadili protini ya juu, na hiyo mpya kinga haijawahi kuiona. Vinazaliana, na homa inarudi. Hivyo hivyo, wimbi baada ya wimbi, mpaka mnyama anachoka.

DNA ya Trypanosoma brucei, mojawapo ya tripanosoma hizi, ilichapishwa mwaka 2005 ikiwa na jeni karibu 9,000. Hesabu za baadaye za jeni za protini hii ya juu peke yake, nzima na zilizokatikakatika, zimepita 2,000. Ni sanduku lililojaa nguo, na mwenyewe huvaa moja tu kwa wakati mmoja. Zilizochanika nazo hazitupwi: vipande vyake huunganishwa kutengeneza protini ambayo haikuwahi kuwapo.

Jeni ya protini hiyo husomwa ikiwa mwishoni mwa kromosomu, kwenye vituo maalumu vipatavyo 15, na kati ya hivyo ni kimoja tu kinachofanya kazi. Mwaka 2001 Miguel Navarro na Keith Gull walionyesha kwamba kituo hicho kimoja kina sehemu yake pekee ndani ya kiini, na vingine hubaki nje yake. La kushangaza zaidi ni mashine inayokisoma. Katika viumbe wengine mashine ya aina hiyo hutengeneza RNA ya ribosomu. Tripanosoma imeipa kazi ya kutengeneza protini ya juu pia.

Tena kuogelea kwenyewe ni kinga. Kingamwili ikinasa juu ya kimelea, mkondo wa damu unaopita kinapoogelea huisukuma hadi nyuma, kwenye kijishimo cha mkia, na huko humezwa. Jambo hili lilionyeshwa mwaka 2007.

Je, wajua kwamba vimelea hivi huhesabiana? Kila kimoja hutoa nje vimeng'enya vinavyokatakata protini za jirani, na vipande hivyo vikizidi damuni, vimelea vinaacha kugawanyika na kugeuka vifupi na vinene. Hivyo vifupi ndivyo vilivyojiandaa kuishi ndani ya mbung'o.

Je, wajua kwamba damu yako huua tripanosoma nyingi zinazomuua ng'ombe? Ndani ya damu ya binadamu kuna protini iitwayo APOL1. Kimelea huimeza, nayo hutoboa utando wake kwa ndani. Mchungaji wa Biharamulo anaweza kuumwa na mbung'o mara nyingi bila kupata ndorobo ya ng'ombe wake. Tatizo ni Trypanosoma brucei rhodesiense, iliyoelezwa kwa mara ya kwanza mwaka 1910. Hiyo ina jeni moja ya ziada, SRA, iliyotokana na jeni za protini za juu, na kazi yake ni kuishika APOL1 na kuizima. Jeni moja tu ndiyo inayotenganisha ugonjwa wa mifugo na malale. Mwaka 1958 huko Kenya ilithibitishwa kwamba pongo anaibeba rhodesiense.

Baadhi ya watu wenye asili ya Afrika, hasa Afrika Magharibi, wana APOL1 iliyobadilika kidogo, na mojawapo ya mabadiliko hayo huishinda hata SRA. Mwaka 2010 watafiti walionyesha kwamba mtu aliyerithi nakala mbili za aina hizo yuko katika hatari kubwa zaidi ya kuugua figo. Ulinzi huo umelipiwa.

Je, wajua sindano ya Berenil, dawa ya ndorobo, hupiga wapi? Tripanosoma ina mitokondria moja tu, na DNA ya mitokondria hiyo ni maelfu ya pete ndogo na makumi ya pete kubwa, zimepitana zote kuwa wavu mmoja. Baadhi ya jeni zake haziwezi kusomwa zilivyoandikwa. Mwaka 1986 Rob Benne na wenzake wa Amsterdam waligundua kwamba RNA ya kimelea hupachikwa herufi ambazo hazimo kwenye DNA, na bila hizo protini isingetengenezwa. Dawa ya Berenil hujishikiza kwenye DNA hii ya pete na kuivuruga. Dozi hupimwa kwa uzito wa mnyama, miligramu 3.5 kwa kila kilo, na mfugaji anayeugawa mfuko mmoja kwa ng'ombe wengi kupita kipimo anavipa vimelea nafasi ya kuzoea. Baadhi ya vimelea sugu huwa vimepoteza mlango wa protini ambao dawa huingilia.

Kwa binadamu njia ilikuwa ngumu zaidi. Katika miaka ya 1920 na 1930 serikali ya kikoloni iliwahamisha watu kutoka sehemu za mbung'o magharibi mwa Tanganyika na kuwakusanya kwenye makazi mapya, wakaacha mashamba na makaburi ya wazee wao. Kuanzia 1949 mgonjwa ambaye malale imemfika ubongoni alichomwa melarsoprol, dawa yenye aseniki, ambayo yenyewe iliua takribani watu 5 katika kila 100 waliotibiwa. Kuwachoma watu sumu ili waishi ni jambo ambalo madaktari wa vijijini walilibeba kwa miongo mingi, na wanastahili heshima kwa hilo.

Mwaka 2024 Shirika la Afya Duniani liliiingiza fexinidazole katika mwongozo wa kutibu malale ya rhodesiense, baada ya majaribio yaliyofanyika Malawi na Uganda. Ni vidonge. Dawa hii huamshwa na kimeng'enya kilichomo ndani ya mitokondria ya tripanosoma, ambacho seli za binadamu hazina, kwa hiyo kimelea chenyewe ndicho kinachoigeuza kuwa sumu. Mgonjwa huimeza mara moja kwa siku, kwa siku 10, akiwa ameshakula.