Lahaja za Kifini: Ramani Inapogeuka Jedwali (Sehemu ya Pili)

Katika toleo lililopita tulimwacha mwanaisimu Lauri Kettunen mwaka 1940, atlasi yake ikichapishwa Helsinki: ramani 213 za lahaja za Kifini. Kila ramani ina swali moja tu: katika parokia hii, wenyeji wanalitamkaje neno hili?

Chukua neno la msitu. Kifini sanifu kinasema metsä. Magharibi utasikia mettä, na huko Savo mehtä. Wazee wa kusini-magharibi, pande za Rauma, walikuwa na sauti ile ile ya ncha ya ulimi kati ya meno tunayoanzia neno thelathini. Msitu ni mmoja, vinywa vinne.

Sasa mtafiti anataka kujua: je, wasemao mettä ndio hao hao wanaosema mää badala ya minä, yaani "mimi"? Kwa karatasi atazitandaza ramani mbili mezani, kidole huku, jicho kule. Mbili zinawezekana. Zote 213 kwa pamoja haziwezekani, hata kwa mwenye subira ya mvuvi.

Ndiyo sababu ya kuzitia katika kompyuta. Kuzipiga picha ni kazi nyepesi. Jasho linatoka baadaye, pale alama iliyo juu ya kila parokia inaposomwa na kuandikwa kwenye jedwali: parokia mstari wake, ramani safu yake. Sheila Embleton na Eric Wheeler wa Chuo Kikuu cha York, Kanada, waliishika kazi hiyo miaka ya 1990. Baada ya hapo, mwaka 2016, wanaisimu walioungana na wanabiolojia walizipima parokia hizo kwa mbinu ambazo wanajenetiki hutumia kupambanua makundi ya viumbe. Kettunen hakuliwazia swali hilo la makundi, lakini alama zake zililijibu.

Parokia nyingine zina alama mbili. Msomaji wa ramani hushawishika kuchagua moja ili jedwali lipendeze. Naona hilo ni kosa kubwa: penye alama mbili ndipo lugha ilipokuwa ikihama, na mwenye kufuta moja ameufuta mwendo wenyewe.

Kuna mistari ya jedwali hilo inayonigusa kuliko mingine. Mwaka ule ule wa 1940, baada ya vita vya majira ya baridi, Ufini iliuachia Umoja wa Kisovieti sehemu kubwa ya Karelia, na watu zaidi ya 400,000 wakahamishwa, wakatawanywa kati ya majirani wenye matamshi mengine. Parokia zao, Kivennapa na Muolaa miongoni mwao, hazimo tena katika mipaka ya Ufini. Katika jedwali zimo. Ukifika kwenye safu ya neno "mimi", utakuta mie, kama walivyosema walipokuwa kwao.