Kapaka kapya nyumbani wakati jamaa hawakataki

Hapa Uvira, kuanzia Kavimvira mpaka Kalundu, habari hii inaanza karibu kila mara namna moja. Paka wa jirani amezaa, mwenye paka anagawa tupaka, na mtoto anarudi nyumbani na kamoja ndani ya shati. Mbele hata kalie mara ya pili, shangazi amekwisha kusema: "Hiyo kitu ilale inje." Mama mukwe anauliza nani atakalisha. Na baba mukubwa, mwenye hajatosha neno tangu asubuhi, anasema kama paka mweusi haingiaka mu nyumba ya watu wa maombi.

Wasomaji wetu, hatuandiki hapa ili kuwacheka wazee. Maneno yao mengi yana msingi, na mtu anayetaka kufuga paka katika nyumba ya watu wengi anapaswa kuyajibu, si kuficha kapaka chini ya kitanda akitumaini watazoea. Lakini kati ya maneno hayo kuna moja linaloweza kuumiza watu, na hilo tutalisema wazi.

Tuanze na chakula, juu ndilo linasemwa kwa sauti kubwa. Kuna nyumba nyingi mjini ambazo zimepokea ndugu waliokimbia vita au walioondolewa na maji. Mtu akiona sahani inawekwa chini kwa paka wakati watoto bado hawajashiba, ana haki ya kukasirika. Usimjibu kama paka anakula kidogo tu. Muonyeshe chakula hicho kinatoka wapi. Kapaka ka miezi miwili kanaweza kuishi kwa vichwa vya mikeke, matumbo ya samaki yaliyochemshwa na ndagala kidogo, vyote bila chumvi wala kitunguu, maana kitunguu kinaharibu damu ya paka. Bugali unaweza kuchanganya kidogo, ila paka si mbuzi: mwili wake unataka nyama au samaki, na akilishwa bugali mutupu kwa muda mrefu, macho na moyo vinaharibika. Maziwa ya ng'ombe, yale kila mtu anafikiri ndiyo chakula cha paka, yanaharisha paka wengi walioacha kunyonya. Maji safi yanatosha.

Kuna na imani nyingine, kwamba paka mwenye njaa ndiye anakamata panya vizuri. Si kweli. Paka anawinda hata akiwa ameshiba. Njaa inamfundisha kitu kingine, kuiba. Na kwetu huku, ambako ndagala zinaanikwa kandokando ya ziwa, paka mwizi ni kesi. Mama aliyechukua ndagala kwa deni alfajiri na kuzianika asubuhi haoni mchezo wowote ndani ya paka yako. Kwa hiyo mbele ya kukaleta, semeni nani atalipa kama kakiiba. Ukiweza kusema mbele ya shangazi "mimi nitalipa", nusu ya mabishano inaisha. Usiposema, nusu hiyo itakungojea.

Wengi wanaotaka paka wanamtetea kwa sababu ya panya. Ni sababu nzuri: panya wanatoboa mifuko ya mchele, wanakula muhindi na unga wa muhogo, wanakata nyavu, wanachafua sahani. Wale walioona maji ya mto Mulongwe yakibomoa nyumba na kuua watu Aprili 2020, na wale ambao ziwa limewafuata mpaka ndani ya nyumba miaka hii ya nyuma, wanajua kama maji yakipanda, panya nao wanahama. Lakini usiahidi miujiza. Mwaka 2018 watafiti walitoa matokeo ya uchunguzi walioufanya kwa kamera katika kiwanda cha takataka huko New York, mahali palipojaa panya wakubwa na paka wasio na mwenyewe. Katika siku 79, paka waliua panya 2 tu. Panya hawakuisha, walijificha zaidi. Kwa nyumba ya Uvira maana yake ni kwamba paka atakamata panya wadogo na kuwatisha wale wakubwa, lakini mfuko wa unga ulioachwa wazi chini ya meza bado utaliwa. Tena kapaka kadogo hakawezi kazi hiyo mbele ya miezi kadhaa. Ukimwambia mama mukwe kama panya wataisha wiki ijayo, wiki ijayo atakuuliza.

Kitu ambacho paka anaweza kubadilisha kweli ni sumu. Sumu ya panya inauzwa sokoni kwa kipimo kidogo, mara nyingi bila karatasi ya maelezo, na inawekwa chini, palepale watoto wanatambaa. Paka akila panya aliyelishwa sumu, naye anaweza kufa. Nyumba inayopokea paka inalazimika basi kukubaliana kwamba sumu imetoka. Kwa maoni yetu, hiyo peke yake inatosha kumleta, hata kama hatakamata panya hata mmoja.

Kwa magonjwa, shangazi ana haki kuliko anavyojua. Kichaa cha mbwa kinaletwa kwa watu karibu siku zote na mbwa, lakini paka aliyeumwa na mnyama mgonjwa anaweza naye kukipitisha, na dalili zikisha kuanza kwa mtu, ni karibu kifo cha hakika. Ndiyo maana kapaka kanapelekwa kwa veterineri kapate chanjo kakifika miezi 3. Mtu akiumwa au kukwaruzwa na paka asiyejulikana, aoshe kidonda kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15, kisha aende kituo cha afya siku ileile. Si kesho.

Kama kuna mama mwenye mimba, jambo la kuangalia ni mavi ya paka, kwa sababu ya kijidudu kinachoitwa toksoplasma ambacho kinaweza kuumiza mtoto tumboni. Hakuna haja ya kumfukuza paka. Kijidudu hicho kinatoka kwa paka hasa kwa wiki chache, mara ya kwanza anapoambukizwa, na kinahitaji angalau siku moja nje mbele kiwe na hatari. Basi mtu mwingine atoe uchafu kila siku, na mama anawe mikono. Wengi wanakipata bila paka yeyote, kwa nyama isiyoiva vizuri au mboga zisizooshwa. Lakini kama mtu wa nyumba ana pumu na manyoya ya paka yanamziba pumzi, huyo akisema hapana, ni hapana.

Wasomaji wa Ituri, upande wa Aru na Mahagi ambako tauni bado inajitokeza, wana jambo moja la kuongeza: paka anaweza kuupata ugonjwa huo kwa panya na kuupitisha kwa mtu. Mukiona panya wanakufa ovyo, musiwashike, mumfungie paka, na mujulishe kituo cha afya.

Sasa tufike kwenye lile neno. "Paka ni ya walozi." Watu wanalisema juu ya mambo waliyoyaona kwa macho yao: macho ya paka yanawaka usiku, analia juu ya mabati kama mtoto mchanga, anakazia macho kona isiyo na kitu. Macho yanawaka kwa sababu nyuma yake kuna utando unaorudisha mwanga kama kioo, unaomsaidia kuona gizani. Mbuzi na ng'ombe wanao vilevile, mulika na tochi uone. Kilio cha usiku ni cha jike anayetafuta dume, au madume wawili wanaogombana. Na ile kona? Sikio la mtu linaishia kwenye mitetemo 20,000 kwa sekunde, la paka linavuka 60,000. Panya wanaitana kwa sauti za huko juu. Kwako kona ni tupu, kwake kuna panya nyuma ya ukuta.

Kuhusu rangi nyeusi, ni rangi tu ya manyoya, na ndani ya uzao mmoja anaweza kutoka mweusi na wa mistari. Ulaya nako watu waliogopa paka mweusi zamani, ila Uingereza kuna wengi wanaosema analeta bahati. Majirani wetu Waislamu wanayo hadithi iliyopokewa kwa Abu Qatada, kwamba paka si najisi, yuko kati ya wale wanaozunguka nyumbani mwetu. Na Abu Hurayra, mpokezi mkubwa wa hadithi, jina lake hilo maana yake ni baba wa kapaka.

Mtu anaweza kusikia yote hayo na bado asipende paka mweusi. Ni haki yake. Hatari inaanza pale neno linapotoka kwa paka na kumwendea mtu. Leo ni "paka ya walozi". Kesho mtoto wa nyumba anashikwa na homa, na mmoja anauliza ni nani alileta hiyo paka. Wanaoanguka kwanza wanajulikana: yatima anayelelewa kwa shangazi, mtoto anayekojoa kitandani, koko anayelala peke yake na paka wake. Homa ile pengine ni malaria, na wakati watu wanatafuta mulozi, dawa inachelewa.

Inchi yetu imelikataza jambo hilo. Katiba ya 18 Februari 2006, katika kifungu cha 41, inakataza kumshitaki mtoto kwa ulozi. Sheria namba 09/001 ya 10 Januari 2009, inayolinda mtoto, inaweka azabu katika kifungu cha 160: kifungo cha mwaka 1 mpaka miaka 3, na faini ya franka 200,000 mpaka 1,000,000. Wakubwa wa umri pia hawajapona. Mwaka 2021, hapa katika Kivu yetu ya Kusini, wamama waliuawa kwa tuhuma za ulozi, wengine wao katika eneo la Kalehe. Hakuna anayeweza kusema kama ni maneno tu.

Kwa hiyo mnapojadili kapaka, kila mtu aseme anachotaka juu ya kapaka. Sipendi manyoya, siwezi kulala, chakula hakitoshi: sawa. Lakini mtu akisema "huyu mutoto na paka yake", mjadala wa paka umekwisha hapohapo, sasa mnamtetea mtoto. Mkubwa wa nyumba alikatae neno hilo mbele ya wote, si kwa kunong'ona pembeni. Likiendelea, mpelekeeni shefu wa kartiye au watu wa ulinzi wa watoto, mbele mtoto hajapelekwa kwenye chumba cha maombi kufungwa na kunyimwa chakula. Pengine itabidi kapaka kaende kwa jirani usiku huohuo ili nyumba itulie. Sawa, kaende. Ila mseme wazi kama kameondoka juu ya kelele, si kwa sababu tuhuma ilikuwa kweli. La sivyo, kuondoka kwake kutageuka kuwa ushahidi.

Njia nzuri ni kuomba mbele kapaka hakajafika. Katika kila familia kuna anayepiga kelele na kuna anayeamua, na mara nyingi si mtu mmoja. Mwendee yule anayeamua, kwa heshima, peke yake, na umuombe mwezi mmoja wa kujaribu. Shangazi anayekuja toka Bukavu mara moja kwa mwaka asikizwe, lakini sauti yake isizidi ya mama anayefagia nyumba kila siku. Kama mmepanga, muulizeni na mwenye parseli.

Kachukueni kakiwa na wiki 8 au zaidi, na muombe kitambaa ambacho mama yake alilalia. Usiku wa kwanza na wa pili katalia, juu kanatafuta mama yake. Kitambaa chenye harufu yake ndani ya karatoni, karibu na mtu, kinapunguza kilio. Hilo si jambo dogo katika nyumba ambayo tayari inasema paka analia kama mtu. Kakae kwenye chumba kimoja siku za kwanza, na sanduku la mchanga mkavu mbali na chakula. Mchanga wa ziwa uko bure. Watoto wanawe mikono wakisha kukashika, na mtoto mchanga asilale nako.

Fikirieni pia mwaka kesho. Jike anaweza kushika mimba mbele hata ya kutimiza miezi 6, na mimba inachukua kama miezi 2. Mkishindwa kumpeleka kwa veterineri amfunge kizazi, chukueni dume, mkijua kama dume anatembea mbali na anakojoa kwenye kuta.

Na wazee wakikataa kabisa, musikafunge ndani ya mfuko na kukatupa kwenye Kalimabenge au kukaacha sokoni usiku. Karudisheni kwa mama yake. Ongeeni na mwenye paka jambo hilo siku ileile ya kukachukua, ili asikatae siku mtakapokarudisha.