Umeme umerudi, kompyuta imegoma

Umeme umekatika asubuhi, umerudi kwa kishindo, na kompyuta ya dukani haiwaki. Ndani yake mna ankara, madeni ya wateja na hesabu za mzigo unaosubiri kuvuka mpaka. Usikimbilie kununua nyingine. Mara nyingi kilichokufa ni pawasaplai, lile sanduku la chuma linalopokea waya wa umeme kwa nyuma. Diski yenye hesabu huenda ni nzima.

Anza na soketi: chomeka chaja ya simu uone. Plagi za pini tatu za Kenya, Uganda na Tanzania zina fyuzi ndani, nayo huungua. Kisha chomoa waya, bonyeza kitufe cha kuwashia kwa nusu dakika, uchomeke upya. Pawasaplai nyingine hujizima zikishtuliwa, na hapo huamka.

Bado kimya? Fundi atachomoa plagi ya pini 24 kwenye ubao mkuu na kuunganisha waya wa kijani na mweusi. Feni ikizunguka asiridhike. Apime kwa mita volti 12, 5 na 3.3.

Mnaonunua mitumba, tazameni nyuma: swichi ikiwa 115 badala ya 230, umeme wetu huilipua. Sanduku lenyewe msilifungue; hubaki na umeme hata baada ya kuchomolewa.

Kama lori limeshafika mpakani, diski itolewe kwanza, isomwe kwenye kompyuta nyingine, ankara zichapishwe. Kaa hapo hapo na fundi wakati huo, maana bei zako zote zimo humo.