Kiti cha Stoo: Niliyorudi Nayo Kutoka Matiri

Jina langu lilipobandikwa kwenye orodha ya mafunzo kwa vitendo na mbele yake pameandikwa Mbinga, wana wa chumbani walicheka hadi mlinzi akagonga mlango. Na siyo Mbinga mjini, ni Matiri. Niliondoka na koti la kuazima na notsi za somo la elimu jumuishi, somo ambalo nilikuwa nimelifaulu vizuri tu. Notsi zilinishinda wiki ya kwanza.

Karibu na nilipopanga kulikuwa na bibi anayemlea mjukuu wake wa miaka mitano. Mtoto ana mtindio wa ubongo: shingo haijakaza, mikono inajivuta, maneno hayatoki, lakini macho yanafuata kila kitu. Alikuwa analala kwenye mkeka barazani. Siku moja bibi alinituma jembe stoo, nikakuta kitimwendo kipya kabisa, na juu yake kuku anaatamia.

"Bibi, mbona mtoto hakalii kile kiti?"

"Mwalimu, kile kiti ni cha mtu mzima. Nikimweka anamwagika kama maharage."

Kilikuwa cha msaada. Bibi alikipokea, akapigwa picha nacho, basi. Alijaribu kujaza kanga pembeni, mtoto akateleza akabaki ananing'inia kwa makwapa. Halafu yale magurudumu madogo ya mbele kwenye njia za Matiri masika? Yanazama.

Turudi darasani kidogo. Mwaka 2008 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa huduma za vitimwendo kwa nchi zenye uwezo mdogo. Unataja hatua nane: rufaa, tathmini, kuchagua kifaa, kutafuta fedha na kuagiza, kukiandaa, kumjaribisha mtumiaji, kumfundisha yeye na familia, na mwisho kumfuatilia. Ukiangalia vizuri, kukabidhi kiti siyo hata hatua. Aliyemletea bibi alikuwa amefanya ile ya fedha, akaruka nyingine zote. Ndiyo maana kifaa saidizi hakitenganishwi na mpango binafsi wa mtoto. Mpango ndio unaosema kiti ni cha nini, na kiti kisichojua kazi yake kinaishia kwa kuku.

Kwa mtoto huyu kazi ya kwanza ilikuwa kula. Tena hapa ndipo pa hatari, naomba mnisome taratibu. Bibi alikuwa anamlisha uji akiwa amelala chali, kichwa kimerudi nyuma, kwa sababu ndivyo mdomo unavyofunguka. Mkao huo unaacha njia ya hewa wazi, uji unaingia kwenye mapafu badala ya tumboni. Mtoto anakohoa kila mlo, anapata nimonia za kurudiarudia, halafu watu wanasema "huyu hakai na afya". Anatakiwa aketi wima, kichwa katikati, kidevu kimeinama kidogo, na anayemlisha akae mbele yake usawa wa macho.

Nani sasa wa kumtengenezea kiti? Mafundi wa viungo bandia na vitimwendo tunao; chuo cha TATCOT pale KCMC Moshi kimekuwa kikiwafundisha tangu 1981. Lakini kutoka Matiri hadi Moshi ni zaidi ya kilomita elfu moja, na bibi pesa anaishika msimu wa kahawa tu. Tukaangukia kwenye makaratasi.

Siyo utani. Kuna ufundi ulioanzia Zimbabwe kwa mwalimu aitwaye Bevill Packer, wa kutengeneza samani kwa maboksi na karatasi chakavu. Umesambaa hadi Kenya na Uganda, na viti vya watoto wenye mtindio wa ubongo ni kati ya vitu vinavyotengenezwa sana. Unapika gundi ya unga wa ngano na maji, unagandisha tabaka za boksi moja juu ya nyingine huku mistari ya boksi ikipishana, unakandamiza kwa mawe. Vipande vikishaungwa unavifunika chote kwa karatasi zilizochanwa kwa mkono, siyo kukatwa kwa mkasi, maana ukingo uliochanwa unashika vizuri. Kikikauka kabisa kinakuwa kigumu kama mbao, kisha unapaka rangi ya mafuta kuzuia maji. Kukauka ndiyo shughuli. Tulibahatika ilikuwa Agosti, jua lipo na mvua hakuna. Ukianza Desemba kule utavuna uyoga.

Vipimo vilikuwa vinne, tumevichukua kwa kamba: upana wa nyonga, kutoka matakoni hadi nyuma ya goti, kutoka goti hadi kisigino, kutoka kikalio hadi kwapani. Nyonga, magoti na vifundo vyote vikunjike pembe mraba. Tukaweka kigingi laini katikati ya mapaja asiteleze, na meza ya mbele. Boksi tuliomba madukani. Kiti cha kwanza kilipinda, nakiri, kwa sababu nilikuwa na haraka nikakiunga kibichi.

Mpango wenyewe tuliuandika ukurasa mmoja wa daftari, bibi, mimi na mwalimu wa darasa la awali. Darasani tulizoea kuandika malengo kama "mtoto ataboresha mawasiliano". Lengo la hivyo huwezi kulipima, na bibi aliliuliza swali moja tu: "Atayaboresha saa ngapi?" Tukaandika upya: akiwa kwenye kiti, kabla ya mlo wa mchana, atachagua kati ya maji na uji kwa kutazama, mara tatu kati ya tano, hadi mwisho wa Septemba. Nani anafanya: bibi, na binamu yake wa darasa la nne. Nani anaandika: binamu, kwa vijiti kwenye karatasi.

Picha za kuchagulia nilichora mwenyewe (msiniulize): maji, uji, choo, kuumwa, na kuku, kwa sababu kuku ndiye anayemchekesha. Mwanzoni nilikuwa nazitaja kwa Kiswahili, mtoto ananitazama tu. Bibi akazitaja kwa Kimatengo, macho yakaruka. Kwenye fomu zetu za tathmini lugha ya nyumbani ni kisanduku cha kuweka tiki. Kwa mtoto yule ilikuwa nusu ya kazi yote.

Wamatengo wana kilimo cha ngolo, yale mashimo ya mitelemkoni: unalaza nyasi kwa miraba, unachimba katikati, udongo unafunika nyasi kuwa matuta. Nilimuuliza mzee mmoja ukubwa wa shimo ni futi ngapi. Akasema inategemea mtelemko umekaaje.

Sheria ipo. Tanzania iliridhia Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwaka 2009, na Sheria ya Watu wenye Ulemavu ni ya 2010. Ripoti ya WHO na UNICEF ya 2022 inasema karibu watu bilioni moja wanaohitaji vifaa saidizi hawavipati, na katika baadhi ya nchi maskini wanaovipata ni asilimia 3 tu ya wanaohitaji. Ninachoongezea mimi ni kwamba kiti cha stoo nacho kimehesabiwa mahali fulani kama kilichotolewa.

Mwisho wa Septemba vijiti vilionyesha tatu kati ya tano kwa siku nyingi, siyo zote. Kukohoa wakati wa kula kulipungua. Kutembea hatembei, na sijui nani alimwambia jirani kwamba nimekwenda kumtembeza.

Mwezi wa pili bibi alinibipu, nikampigia. Mtoto amerefuka, magoti yamepanda juu, kibao cha miguu kishushwe. Nikamwambia apime tena kwa kamba, goti hadi kisigino. Ameshapima. Sasa namsubiri binamu apate chaji ya simu anitumie picha.