Mwaka Mmoja wa Shamba na Mifugo: Changu ni Kipi?

Kila mwaka, mwezi wa Novemba, vijana wengi humaliza Kidato cha Nne na kurudi nyumbani. Wengine huendelea na masomo. Wengine hubaki kijijini. Leo tumfuate kijana mmoja wa miaka 17 aliyebaki. Jina lake hatulitaji, kwa maana vijana kama yeye wako katika kila kijiji. Kwao ni katika nchi kavu ya mkoa wa Dodoma. Wazazi wake wanalima mtama, uwele na karanga. Wana ng'ombe, mbuzi na kuku. Tutazame kazi yake ya mwaka mzima. Kisha tuone kwa nini nusura aache vyote na kukimbilia mjini.

DESEMBA NA JANUARI: KUPANDA

Dodoma ina msimu mmoja tu wa mvua. Mvua huanza mwishoni mwa Novemba au Desemba, na hukatika Aprili. Kwa hiyo siku za kupanda ni chache. Anayechelewa anaweza kukosa chakula cha mwaka mzima.

Kijana aliamka alfajiri, jembe begani. Walipanda mtama kwa mistari. Kutoka mstari hadi mstari ni sentimita 75. Kutoka shimo hadi shimo ni sentimita 30. Miche ilipoota, mama alimwambia apunguze, abakize miwili tu katika kila shimo. Kijana akashangaa.

"Mama, mbona tunang'oa chakula?"

"Mwanangu," mama akajibu, "miche mitano katika shimo moja ni kama watoto watano katika sahani moja ndogo. Wote watabaki na njaa."

Kijana akaelewa. Kazi ikaenda upesi. Tuone hapo: mtu akielezwa sababu, kazi inakuwa elimu. Akiambiwa tu "fanya hivi", kazi inakuwa adhabu.

Jioni babu yake alimsimulia habari za Kongwa. Mwaka 1947 Waingereza walianza mpango mkubwa wa kulima karanga huko. Walileta matrekta mengi na fedha nyingi. Lakini mvua haikutosha. Ilipokatika, udongo ulikauka ukawa mgumu kama sakafu, hata kuchimba karanga ikawa shida. Mwaka 1951 mpango ukaachwa. Baadaye pakawa na ranchi ya ng'ombe.

"Mashine walikuwa nazo," babu alisema. "Ila hawakukaa na nchi hii kwanza, wakaitazama mwaka mzima. Wewe itazame."

FEBRUARI NA MACHI: NDAMA NA KUPE

Majani yakawa mengi, maziwa yakaongezeka. Lakini wakati wa mvua kupe nao ni wengi. Kupe huleta ndigana kali, ugonjwa unaoua ndama wengi.

Kijana alikuwa mchungaji. Ng'ombe mmoja alizaa porini mbele ya macho yake. Alihakikisha ndama amenyonya dang'a, yaani yale maziwa ya kwanza mazito, mapema siku ileile. Dang'a humpa ndama kinga ya magonjwa. Asiyeipata mapema ni rahisi kufa.

Baada ya wiki kadhaa, ndama yule akaacha kunyonya. Kijana akampapasa. Chini ya sikio palikuwa na tezi zimevimba. Mwili ulikuwa wa moto. Hakungoja kesho. Alikwenda kwa miguu kumwita bwana mifugo. Ndama akatibiwa mapema, akapona.

Bwana mifugo aliwaeleza mambo mawili. La kwanza, mifugo iogeshwe mara kwa mara, na wakati wa kupe wengi iwe kila wiki. La pili, iko chanjo ya ndigana kali. Ng'ombe huchanjwa mara moja katika maisha yake.

Nyumbani hakuna aliyemwambia kijana ahsante. Walisema tu, "Ndama kapona."

APRILI HADI JULAI: NDEGE NA MAVUNO

Mtama ulipoanza kukomaa, kwelea kwelea wakaja. Ndege mmoja hula kiasi cha gramu 10 za nafaka kwa siku. Utasema ni kidogo. Lakini kundi la ndege milioni moja humaliza tani 10 kwa siku moja. Kijana na dada yake walishinda shambani toka alfajiri hadi jua kuzama, wakipiga madebe na kurusha mawe kwa kombeo.

Mdogo wao wa miaka 12 hakuachishwa shule ili akafukuze ndege. Alisaidia jioni na siku za Jumamosi. Hapo wazazi walifanya vema. Mtoto wa shule ni wa shule.

Walivuna, wakapura, wakaanika. Nafaka ilipokauka sawasawa, wakaihifadhi. Yenye unyevu huota ukungu, na ukungu unaweza kuwa na sumu. Mabua waliyaweka yawe chakula cha mifugo wakati wa kiangazi. Samadi ya zizini waliisomba kwa mkokoteni kuipeleka shambani. Ndivyo shamba na zizi vinavyosaidiana: shamba linalisha zizi, zizi linalisha shamba.

AGOSTI HADI OKTOBA: KIANGAZI

Visima vya karibu vikakauka. Siku ya joto ng'ombe mkubwa huhitaji maji lita 20 hadi 30, au zaidi. Kijana alipeleka mifugo mbali kunywa maji, akirudi usiku. Dada yake alichota maji ya nyumbani, akakamua, akatunza kuku. Huo ndio wakati wa hatari ya mdondo, ugonjwa unaomaliza kuku wa kijiji kizima. Dada alikuwa amewapa kuku chanjo, tone moja jichoni, na kila baada ya miezi mitatu alirudia. Kuku wao hawakufa.

Mwezi wa Septemba kijana alirudi jioni, akahesabu mifugo. Ng'ombe mmoja na ndama wake hawakuwapo. Baba alikuwa amewapeleka mnadani. Ndama mwenyewe ni yule aliyeponywa.

Usiku ule kijana hakula. Wakiwa wamekaa wanaota moto, akasema:

"Baba, samahani, nina swali. Mwaka mzima nimelima na kuchunga. Changu ni kipi?"

"Vyote hivi ni vyako," baba akajibu.

"Kama ni vyangu, mbona siwezi kuuza hata kuku mmoja? Na yule ndama, hukuniambia hata neno. Mimi nakwenda mjini, baba. Huko mtu akibeba mzigo, jioni analipwa."

Baba akakasirika. Mama akainama. Ndipo babu akasema polepole, "Mwanangu, mweleze mwanao fedha zimekwenda wapi."

Kumbe baba mdogo alikuwa amelazwa hospitali, na fedha zilihitajika upesi. Sababu ilikuwa nzuri. Ubaya ni kwamba mwenye kuchunga hakuambiwa.

"Ningejua," kijana akasema, "ningempeleka mnadani mimi mwenyewe."

WALIVYOAFIKIANA

Walikaa siku mbili wakizungumza. Mwisho walikubaliana mambo manne.

1. Kijana apewe mbuzi jike mmoja na robo eka ya shamba. Mazao yake ni yake, na wazao wa mbuzi ni wake. Mbuzi hubeba mimba miezi mitano tu, kwa hiyo mali yake huongezeka upesi.

2. Dada yake naye apewe vilevile. Baba alisita hapo. Babu akamwuliza, "Hao kuku aliwaokoa nani?" Tena Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inampa mwanamke haki sawa na mwanaume ya kupata na kumiliki ardhi.

3. Kabla ya kuuza mnyama au gunia, familia yote ya watu wazima iambiwe sababu. Mwenye uamuzi bado ni baba na mama. Lakini hakuna kuuza kwa siri.

4. Yote yaandikwe katika daftari.

Hili la nne ndilo linalotuhusu sana sisi tuliojifunza kusoma na kuandika ukubwani. Wahenga wa siku hizi husema: Mali bila daftari hupotea bila habari. Mama wa nyumba ile alisoma kisomo cha watu wazima. Yeye ndiye aliyepewa kazi ya kuandika. Tazama mfano wa ukurasa wake. Bei hizi ni za mfano tu.

Tarehe 3: Tumeuza majogoo 2. Zimeingia shilingi 30,000.
Tarehe 5: Dawa ya minyoo ya mbuzi. Zimetoka shilingi 4,000.
Tarehe 9: Chanjo ya kuku. Zimetoka shilingi 3,000.
Zilizobaki: shilingi 23,000.

Hesabu hii ni fupi. Lakini kila mtu nyumbani anaweza kuiona. Hakuna wa kumshuku mwenzake.

Je, kijana alibaki? Novemba mawingu yalipotanda, alikuwa akisafisha robo eka yake. Hatusemi hatakwenda mjini kamwe. Huenda siku moja atakwenda kujifunza ufundi, na hilo si kosa. Ila akienda, ataaga. Hatatoroka.

Ndugu msomaji, wazee tunapenda kusema kwamba vijana wa leo ni wavivu. Wengine ni wavivu kweli. Lakini tujiulize kwanza: huyu aliyelima nasi mwaka mzima, tumempa nini anachoweza kukiita chake?

MASWALI YA KUZUNGUMZA KIKUNDINI

1. Kwa nini miche ya mtama hupunguzwa?
2. Ndama mwenye ndigana kali ana dalili gani?
3. Baba alikuwa na sababu nzuri ya kuuza ng'ombe. Basi kosa lilikuwa wapi?
4. Nyumbani kwako, nani anajua fedha za mavuno zimekwenda wapi?
5. Chukua daftari. Andika kilichoingia na kilichotoka wiki hii. Kimebaki nini?