Tovuti ijaribiwe pembeni kabla ya kuboreshwa

TOVUTI ya chama cha ushirika inapozimika wiki ambayo wakulima wanasubiri kutangaziwa malipo ya kahawa, wa kwanza kulaumiwa ni kijana wa kompyuta. Mara nyingi kosa lake si kuboresha programu, bali ni kuiboresha papo hapo kwenye tovuti ambayo wanachama wanaitumia.

Kuboresha hakuepukiki. Chukua mfano wa Joomla, programu ya kuendeshea tovuti iliyotolewa mwaka wa 2005 na ambayo jina lake limetokana na neno letu 'jumla' (ingawa tahajia yake ingemfanya mhariri yeyote wa Kiswahili kuchukua kalamu). Toleo lake la 4 lilitoka Agosti 17, 2021, na miaka miwili baadaye, siku kama hiyo, toleo la 3 likaacha kupokea marekebisho ya usalama. Aliyebaki nalo aliwaachia wadukuzi mlango wazi. Aliyehama kwa pupa naye aligundua kuwa programu nyingi za ziada zilizoundwa kwa toleo la zamani hazikubaliani na jipya.

Wakulima wa Othaya na Mathira wanaelewa jambo hili vyema. Aina ya kahawa ya Batian, iliyopewa jina la kilele kirefu zaidi cha Mlima Kenya, ilijaribiwa kwanza na watafiti kabla ya kutolewa kwa wakulima mwaka wa 2010. Hakuna aliyeambiwa ang'oe mibuni yote ya SL 28 ndipo aone kama mche mpya utashika.

Shamba la majaribio la tovuti ni nakala yake kamili: faili zote pamoja na hifadhidata, yaani ghala la majina, habari na kumbukumbu. Nakala hiyo inaweza kuwekwa katika kompyuta ya ofisini kwa kutumia programu ya bure kama XAMPP, ambayo haihitaji intaneti ikishasakinishwa. Inaweza pia kuwekwa kwenye seva, katika anwani tofauti iliyofungwa kwa nywila. La muhimu ni toleo la lugha ya PHP liwe sawa na lile la seva halisi, la sivyo majaribio hayo yatakudanganya.

Hapa ndipo wengi huteleza. Nakala ya tovuti ya sacco ina majina na nambari za simu za watu halisi, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka wa 2019 haitofautishi nakala na asili. Ikiachwa wazi, mitambo ya utafutaji itaiokota. Aidha, ni lazima uzime utumaji wa barua pepe na ujumbe mfupi, ama sivyo wanachama watapokea saa nane za usiku taarifa za mikopo ambayo hawakuomba. Kwa malipo ya M-Pesa, mfumo wa Daraja wa Safaricom una sehemu ya majaribio yenye nambari na funguo zake. Hizo ndizo zitumike.

Baada ya kuboresha nakala, usiridhike kwa kuona ukurasa wa mbele. Ingia kama mwanachama, jaza fomu, pakua stakabadhi. Tazama pia herufi za Gĩkũyũ. Hifadhidata ikihamishwa kwa usimbaji usio sahihi, Mũkũrweinĩ hugeuka kuwa MÅ©kÅ©rweinÄ©, au alama za kuuliza zikachukua nafasi ya ũ na ĩ. Alama za kuuliza ni mbaya zaidi kwa sababu herufi asili huwa zimepotea kabisa, na mzee ambaye jina lake limeharibika hatalipata akilitafuta.

Majaribio yakifaulu, usichukue nakala hiyo na kuibandika juu ya tovuti halisi. Ikiwa ulinakili Jumatatu na unarejesha Ijumaa, kila fomu iliyojazwa na kila malipo yaliyonakiliwa katika siku hizo yatafutika. Andika hatua ulizopitia, chukua nakala rudufu mpya, kisha uzirudie hatua hizo kwenye tovuti halisi, saa ambayo wageni ni wachache na stima ni ya uhakika. Nakala rudufu hiyo usiiache kwenye seva hiyo hiyo.