Kila Rangi ya Leso na Karatasi Yake

Leso ni nguo ijulikanayo katika kila nyumba ya Meru na Embu. Mama huifunga kiunoni aendapo shambani, huibebea mtoto mgongoni, na huivaa siku ya harusi. Katika masoko ya Chuka, Nkubu, Runyenjes na Siakago wanunuzi hutazama rangi zake na kusoma jina lake kabla ya kulipa. Lakini ni wachache wajuao kwa nini leso moja hutoka safi, na nyingine hutoka na maneno yasiyosomeka.

Mchoraji hupaka rangi nyingi kwa brashi moja. Mtambo wa kupiga chapa nguo hauwezi kufanya hivyo, kwa kuwa kila rangi hupigwa peke yake kwa wavu wake. Kwa hiyo, kabla kitambaa hakijaguswa, hapana budi mchoro ugawanywe. Leso ikiwa na rangi tatu, hutengenezwa karatasi tatu zipenyazo mwanga, na katika kila moja huchorwa sehemu za rangi moja tu. Zote huchorwa kwa wino mweusi, hata kama rangi yenyewe ni manjano, maana kazi ya wino huo ni kuzuia mwanga.

Kisha wavu mwembamba uliowambwa katika fremu hupakwa dawa ambayo huwa ngumu ikimulikwa. Karatasi huwekwa juu yake na taa kali huwashwa. Palipo na wino, dawa hubaki laini, nayo huoshwa kwa maji. Matundu ya hapo hufunguka, na ndimo rangi itakamopita. Siku hizi mchoro hugawanywa mara nyingi kwa kompyuta, lakini kanuni ni ile ile.

Mgawaji wa rangi ana mambo manne ya kuangalia. Kwanza, kila karatasi iwe na alama za msalaba mahali pale pale, ili rangi zote zikae sawasawa. Pili, rangi nyepesi ipite kidogo chini ya ukingo wa rangi nzito, kwa sababu kitambaa huvutika, na bila kupandana huko mstari mweupe hutokea kati yake. Tatu, afikiri rangi zitakazokutana: buluu ikipigwa juu ya manjano huweza kutoa kijani, na gharama ya wavu mmoja ikaokolewa. Nne, ajue nguo inavyorudia mchoro. Kitenge hurudia mfululizo, hivyo mwisho wa mchoro lazima ushikane na mwanzo wake. Hasa ni hivyo katika mitambo ya nyavu za mviringo, ambayo kampuni ya Stork ya Uholanzi iliionyesha mwaka 1963. Leso ni tofauti: ni mchoro mmoja mkubwa, kama sentimita 150 kwa 110, wenye pindo, mji na jina, nayo huuzwa kwa doti.

Kosa dogo katika karatasi haliishii katika karatasi. Likipita bila kuonekana, hurudiwa katika maelfu ya mita, na nguo yote hushushwa bei. Wakulima wa Mbeere na Tharaka hulima pamba katika nchi kavu kwa jasho jingi. Lakini pamba, hata ikiwa nyeupe namna gani, haiwezi kuiokoa nguo iliyogawanywa rangi vibaya.

Basi mnunuzi na aikunjue leso yote kabla ya kutoa fedha. Atazame pembe za pindo, kisha herufi za jina. Akiona mstari mweupe usiotakiwa kati ya rangi mbili, au herufi zenye kivuli, ajue karatasi au nyavu hazikulingana. Na kijana mwenye kipawa cha kuchora aweza kujifunza kazi hii kwa fremu ya mbao na rangi mbili tu, akianza na vitambaa vya meza. Alinganishe alama zake kwanza juu ya karatasi, maana hapo kosa husahihishwa kwa kifutio.